MSALITI WA KITABUNI: Sura ya Kumi na Tisa Itolewe

Jumamosi iliyopita tulimwacha Alastair Quennell ameketi dukani, kalamu ikiwa hewani, na mwanamke wa makamo amemsimamia mbele ya meza. Mwanamke alikuwa ameweka mezani nakala kuukuu ya riwaya ya kwanza ya mzee huyo, akasema: “Andika, kwa Ada Pell, mjane wa msaliti wako.”

Kalamu ilishuka polepole. Haikuandika kitu.

Nyuma ya yule mwanamke palikuwa na foleni iliyofika mpaka mlangoni, ikatokea nje kwenye mvua ya mji wa Bath. Na Waingereza wakiwa kwenye foleni hawapigi kelele. Wanakohoa. Basi walianza kukohoa, mmoja mmoja.

“Samahani, sikukusikia vizuri,” alisema Alastair.

“Umenisikia vizuri sana. Mimi ni Honor Pell. Baba yangu ni Tobias Pell, mliyekuwa naye Budapest. Kitabuni umemwita Lionel, ukampachika masharubu ambayo hakuwa nayo. Mengine yote ni ya kwake, mpaka wimbo aliokuwa akiuimba akinyoa ndevu.”

“Bibie, ile ni riwaya.”

“Mimi najua ni riwaya. Hawa hawajui.” Akaielekeza foleni kwa kidole gumba.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, nimpe habari kwa ufupi. Zamani, enzi za ukuta na waya vilivyogawa Ulaya, watu watatu wa Budapest waliokuwa wakiwapa Waingereza siri walikamatwa asubuhi moja. Hawakuonekana tena. Wiki hiyohiyo Tobias Pell, mpelelezi wa Ofisi, yaani idara ya ujasusi ya Waingereza, akaopolewa mtoni. Hakuna aliyejua nani aliwauza. Kisha Alastair, aliyekuwa mwenzake, akaacha kazi akaandika *Mtu wa Ngazi ya Nyuma*, na humo msaliti ni Lionel, ambaye anajitosa mtoni kwa aibu. Kitabu kilisomwa kwenye kila treni ya nchi hii.

Kikohozi cha karibu zaidi kikageuka kuwa sauti. Alikuwa mzee mwenye koti la kijani la mvua, mkononi ana vitabu vinne vya kusainiwa.

“Samahani, bibie, samahani sana, nimesikia bila kukusudia. Wewe ni binti wa Lionel?”

“Wa Tobias.”

“Ndiyo, lakini ndiye Lionel!” Macho ya mzee yaling’aa. “Margery! Margery, njoo huku! Binti wa Lionel huyu hapa, mzima kabisa! Nilikwambia mimi, nilikwambia kwamba ni mtu wa kweli!”

Mkewe alikuja mbio na mwavuli wake unaodondosha maji. “Masikini mwanangu,” alisema, akamshika Honor mkono. “Ile sehemu anapoagana nawe kwenye kituo cha treni, na wewe umevaa kofia nyekundu! Nililia mpaka nikaunguza mkate.”

“Aliagana nami jikoni,” alisema Honor. “Akaniambia nimalize yai langu.”

“Ah. Ya kituoni ni nzuri zaidi,” alisema Margery.

“Unaweza kunisainia?” aliuliza mzee. “Hapa, chini ya jina la Bwana Quennell. Si kila siku mtu anapata saini hizi mbili pamoja.”

Honor alimtazama Alastair. Akachukua kalamu mkononi mwake, akaandika kwenye kitabu cha yule mzee: *Hakumuuza mtu yeyote.* Mzee alisoma, akacheka kwa furaha kuu.

“Naye anakana! Ndivyo familia zao zinavyosema siku zote. Margery, tazama, anakana!”

Mimi nimekaa miongoni mwa watu hawa miaka mingi, na bado jambo hili linanichefua. Shujaa anawachosha. Mpe Mwingereza mpelelezi anayeshinda, ataweka kitabu chini aende kulisha paka. Lakini mpe mzee mwenye koti lililochakaa, ofisi inayovuja, chai iliyopoa, mke anayetembea nje, na mwishoni msaliti awe yule aliyependwa na wote, basi hatalala mpaka amalize. Na akimaliza atamtafuta msaliti huyo mitaani, amwombe saini.

“Unataka nini, Honor?” aliuliza Alastair kwa sauti ya chini.

“Kule Ofisini kuna ukuta wenye majina ya waliokufa kazini. Jina la baba halipo. Tunaomba kila mwaka, wanatujibu kwa adabu, basi. Mwaka huu nikakutana na bwana mmoja mwenye roho. Akaniambia hawana ushahidi wowote dhidi ya baba, wala hawajawahi kuwa nao. Ila wakimweka ukutani, nusu ya vijana wao watacheka. Wengi waliomba kazi kwa sababu ya kitabu chako. Wameingia pale mlangoni wakijua tayari kwamba Lionel ndiye aliyeuza.”

Moyo wa Alastair ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Uliona aibu, na ulifurahi. Ndiyo, ulifurahi, maana ni waandishi wangapi wameandika uongo ukaaminiwa na wapelelezi wenyewe?

“Mama yuko Weston, kwenye nyumba ya wazee,” Honor aliendelea. “Moyo umechoka. Daktari hana uhakika kama ataona maua ya masika. Anataka kulisikia jina la mumewe likisafishwa kabla hajaenda. Hataki pesa, hataki kushtaki mtu. Wewe ndiye uliyelichafua. Mpigie simu umwambie, halafu uwaambie Ofisi.”

“Na kama nilipatia? Kama kweli ni yeye?”

“Ulikuwa unajua?”

Alastair alifunga kile kitabu kuukuu.

“Ulikuwa unajua chochote?”

“Nilihitaji msaliti,” alisema mwishowe. “Akiwa mtu asiyependwa, msomaji anasema, nilijua tangu mwanzo. Lazima awe yule asiyefikirika. Na pale Budapest mtu aliyependwa na kila mtu alikuwa Tobias.”

“Yaani ulimchagua kwa sababu alikuwa mtu mwema.”

“Kwa ajili ya kitabu, Honor.”

Honor alikichukua kitabu chake bila saini. Aliigeukia foleni, uso umemwiva, machozi yanamlengalenga, akasema, “Samahani kwa kuwachelewesha.” Foleni nzima ikamjibu kwamba hapana, hapana, hakuna neno kabisa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili nyumbani kwa Quennell ni kondoo wa kuoka. Philippa, mkewe waliyejuana kazini Budapest, ambaye wote humwita Pippa, alikuwa jikoni na aproni yake. Mezani ameketi Julian Sprake, mtu wa Ofisi, kavaa tai siku ya mapumziko.

Usishangae kumwona mtu wa Ofisi akila viazi kwa mwandishi. Aliyewahi kufanya kazi pale hachapishi neno kabla halijasomwa na wao. Wanasoma mswada, wanakata, wanarudisha. Na kukata kwao kuna utaratibu wake: cha kweli kinatolewa, cha uongo kinaachwa. Alastair alikuwa akilifanya jambo hili mzaha kwenye matamasha ya vitabu. “Wakikata, nimepatia,” husema. “Wakiacha, nimedanganya.” Watu hucheka sana, kisha hupanga foleni kununua uongo.

“Mimi niliomba kazi kwa sababu yako, bwana,” alisema Sprake, akijipakulia mchuzi wa mnanaa. “Nilikisoma *Ngazi ya Nyuma* chuoni mara saba. Nilidhani nitavaa koti refu, nisimame kwenye mvua ya Berlin, nisalitiwe na mtu ninayemheshimu.”

“Na ukapata nini?”

“Dawati karibu na mashine ya fotokopi. Nasoma riwaya za wastaafu.”

“Pole, Julian,” alisema Pippa, akiingia na bakuli. “Ongeza viazi. Kusalitiwa kutakuja tu, usiwe na haraka.”

Wote wakacheka. Pippa akarudi jikoni kuangalia mchuzi.

“Basi niambie,” alisema Alastair. Tangu jana akili yake ilikuwa kwa Honor. “Mswada mpya umepita?”

“Umepita vizuri sana. Hongera. Ni sura moja tu. Ya kumi na tisa. Itolewe.”

Alastair alicheka. “Ya kumi na tisa? Ile ya Verity?”

“Yote. Na jina la Verity lisionekane popote kitabuni.”

“Lakini Julian, ile nimeitunga! Kila kitu kingine humo nimeokota mahali, hata mbwa. Verity nimemtunga siku moja ya mvua, nikiwa nimenuna. Mpiga chapa mpole, anawaletea chai, na kumbe ndiye anayeuza kila kitu. Ni uongo mtupu.”

“Hata mimi niliipenda sana, bwana. Si mimi niliyeitia alama. Imetoka ghorofa ya juu, kwa wakubwa.”

“Ninyi hamkati uongo,” alisema Alastair.

Sprake alikuwa akipeleka kiazi mdomoni. Uma wake ulibaki katikati ya njia. Wekundu ulianzia kwenye kola ukapanda mpaka masikioni.

“Labda utaratibu umebadilika,” alisema.

“Umebadilika lini?”

“Nadhani... juzijuzi tu. Kuna waraka.”

“Na kitabu cha kwanza? Kuhusu Lionel walikata nini?”

Hapa Sprake alisahau hatari yote, kwa mapenzi. “Kile? Kile tunakitumia kwenye mafunzo, bwana! Kilipita bila kuguswa hata nukta!”

Jikoni Pippa alikuwa akikoroga mchuzi kwa kijiko cha mbao, wakamsikia.

Sasa wewe msomaji ambaye hukusoma Oxford, nina hakika umeshaelewa. Alastair aliyesoma huko ilimchukua muda zaidi kidogo. Kama wanakata cha kweli tu, Verity ni kweli. Kama hawakugusa Lionel, Lionel ni uongo, na Ofisi ilijua ni uongo siku ile ile kitabu kilipokwenda kiwandani. Wamemwacha Tobias Pell alale na uchafu huo, na kila mwaka wakamjibu mjane wake kwa adabu.

Verity wa sura ile, ambaye huchemsha jemu ya machungwa machungu kila Januari na kuandika vibandiko vyake kwa wino wa kijani. Verity, aliyekuwa mpiga chapa wa Budapest.

Macho ya Sprake yalikuwa yameshatangulia. Alikuwa amesoma ile sura kwa upendo wa shabiki, na shabiki hasahau kitu. Alikuwa akitazama kabati la vyombo, na juu yake mitungi ya jemu imepangwa safu.

Pippa aliingia na mchuzi.

“Bi Quennell,” alisema Sprake, sauti imekuwa nyembamba. “Ile jemu, umetengeneza mwenyewe?”

“Kila Januari. Nikufungie mtungi mmoja?”

Wino wa vibandiko ulikuwa wa kijani. Sprake alisimama.

“Hapana, asante, mama. Nimekumbuka, treni. Jumapili treni, mnajua zilivyo. Chakula kilikuwa kizuri sana. Kizuri kupita kiasi.”

“Hujala tamutamu!”

“Kizuri sana, asante,” alisema Sprake tena, na mlango ukafungwa nyuma yake. Aliacha mwavuli.

Pippa aliweka mchuzi mezani, akaketi mahali pake, akatandika kitambaa mapajani.

“Kijana wa watu,” alisema. “Amekukatia nini, sura ya kumi na tisa?”

“Ulijua?”

“Kula, kitapoa.”

“Pippa!”

Akaweka uma chini. Nilivyosimuliwa, hata rangi haikumbadilika.

“Uliponiletea ule mswada nikadhani umeshajua,” alisema. “Nikadhani hiyo ndiyo njia yako ya kuniambia, kwa maana wewe huwezi kusema kitu mpaka ukitie kwenye kitabu. Wiki nzima nimeketi hapa nikikusahihishia mikato, nasubiri ufungue mdomo. Kumbe ulikuwa umenuna tu kwa sababu nilisinzia kwenye hotuba yako.”

“Ulikuwa wewe.”

“Nilikuwa mimi.”

“Watu watatu, Pippa.”

“Nawajua. Nilikuwa nikiandika majina yao kwa mashine kila wiki. Wewe ndiye uliyewabadilisha majina ili yatamkike vizuri.”

Alastair aliinuka, akaketi tena. “Na Tobias?”

Pippa aliisogeza sahani yake pembeni. “Tobias alinishuku. Angepaswa kwenda kwa wakubwa. Badala yake akaja kwangu kwanza, akagonga mlango, akaniuliza kama nina shida, kama kuna mtu ananitisha. Alikuwa muungwana. Nami nikawaambia wale niliokuwa nikiwapelekea siri kwamba ananishuku. Sikuwaambia wamuue.”

“Ulidhani watafanya nini?”

“Nilidhani watamtisha arudi nyumbani.”

“Kwa nini, Pippa? Kwa nini ulifanya?”

“Usiniulize kwa sauti yako ya redioni. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na akili kuwapita ninyi nyote wawili, nanyi mkaniagiza chai. Kukawa na mtu mmoja wa upande ule, mjini, aliyenisikiliza. Basi. Hakuna riwaya humo, usipekue.”

“Na Ofisi walijua!”

“Kwamba si Tobias, tangu mwanzo; kwamba ni mimi, baadaye sana. Waliniita, wakanipa biskuti, wakaniuliza naonaje nikistaafu mapema. Hawakutaka kusumbuana. Kesi mahakamani, magazeti, Wamarekani wanauliza maswali, za nini? Na wakati huo kitabu chako kilikuwa kimeshatoka. Nchi nzima ina Lionel wake. Umenilinda vizuri kuliko wakili, mume wangu, na sikuwahi kukushukuru.”

Ndipo Alastair alipokumbuka. Miaka ile, kitabu cha kwanza kimemkwama, hajui msaliti awe nani. Pippa, bibi arusi wa jana, ameingia na kikombe cha chai, amesimama nyuma ya kiti chake, mkono begani. *Kwa nini asiwe Tobias? Watalia, mpenzi. Hebu fikiria watakavyolia.*

“Wewe ndiye uliyeniambia nimtie Tobias.”

“Nilipendekeza. Wewe ndiye uliyeruka kwa furaha.”

“Rafiki yangu!”

“Rafiki yako, ndiyo. Na ulimwandika vizuri sana, hujapata kuandika vile tena.” Pippa alikunja kitambaa chake. “Unajua kwa nini wanakipenda? Kwa sababu nchi hii ilipoteza kila kitu kwa uzee na kwa kiburi, na hilo halinunuliki. Wewe unawauzia kwamba walikuwa wanakaribia kushinda, ila kuna mtu mmoja mzuri, mwenye sauti nzuri, aliwauza. Wanalala na huzuni tamu. Ungewaambia aliwauza mpiga chapa aliyechoka kutumwa, wangerudisha kitabu dukani.”

Mzee alikuwa akilia sasa, bila sauti, machozi yanaingia kwenye mchuzi wa mnanaa. Sitaki kumhurumia sana. Kuna mjane Weston aliyelia zaidi yake, bila kuwa na mtu wa kumpikia kondoo.

“Nitampigia Ada Pell,” alisema. “Leo. Bintiye alikuja dukani jana. Mama yake anakufa, Pippa. Anataka jina la mumewe tu.”

“Huwezi.”

“Naweza.”

“Alastair, tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, nakujua. Ukisema si Tobias, atakuuliza, basi ni nani. Na ukishajibu hilo, mimi nakwenda jela, na wewe unakwenda kila gazeti, mwandishi wa wapelelezi aliyelala na jasusi asimjue. Hakuna atakayekusoma tena bila kucheka. Hilo ndilo litakalokuzuia. Si mimi. Ungenitoa mimi asubuhi hii hii kabla ya chai.”

Alastair alitaka kukana. Badala yake akajifuta machozi kwa kitambaa.

“Basi piga,” alisema Pippa. “Unangoja nini?”

“Sina namba.”

Pippa aliinuka akaenda kwenye simu ya mezani, pale ukumbini karibu na mlango. Hakufungua kitabu cha namba, hakutazama popote. Alibonyeza tarakimu zote kwa kidole kimoja, haraka, kama anayefunga kifungo cha koti lake mwenyewe.

Alastair alimfuata mpaka mlangoni. “Unaijua kwa kichwa?”

“Ada?” alisema Pippa kwenye simu, kwa sauti laini. “Ni mimi, mpenzi.”

Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka kwa Alastair. Ilikuwa kavu ya kizee, lakini ilijaa furaha. “Pippa! Leo si siku yako! Kuna nini? Mko salama?”

Pippa alifunika simu kwa kiganja. “Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi,” alimwambia mumewe. “Na kadi kila Krismasi, na jemu. Mtu lazima amkumbuke. Wewe ulikuwa na shughuli.”

Kisha akaondoa kiganja. “Tuko salama kabisa, Ada. Alastair ana jambo la kukwambia.”

Akamkabidhi simu. Akakunja mikono kifuani, akasubiri, na usoni mwake hapakuwa na hofu hata chembe. Alikuwa na uhakika na mumewe.

Alastair alishika simu. Alisikia pumzi za mwanamke mgonjwa, na nyuma yake televisheni ya wazee ikiimba nyimbo za kanisani.

“Ada,” alisema. “Tobias hakuuza mtu. Nina hakika sasa. Nilichoandika kilikuwa uongo, na nitakwenda kuwaambia Ofisi wenyewe.”

Pippa alifungua mikono.

Upande wa pili televisheni ilizimwa. Halafu Ada Pell alianza kulia, kilio kidogo, cha mtu aliyekizuia muda mrefu hata amesahau namna ya kukitoa. Alilitaja jina la mumewe mara kadhaa. Alastair aliegemea ukuta.

“Nilijua,” alisema Ada. “Nilijua, nilijua. Asante, Alastair. Mungu akubariki, umechelewa lakini umekuja. Sasa nirudishie Pippa.”

“Pippa?”

“Nataka kumwambia mwenyewe. Amelia nami miaka yote hii. Wengine wote wa Ofisini walinikimbia, yeye peke yake hakunitupa. Anastahili kuisikia kutoka kwangu. Mpe simu, tafadhali.”

Sauti ya Ada ilikuwa kubwa, na ukumbi ni mdogo. Pippa alikuwa amesikia kila neno. Alinyoosha mkono apewe simu, macho yake chini.

Alastair aliutazama. Akaishika simu kwa mikono yote miwili, akaigeuza upande wa ukuta.

“Hapana, Ada,” alisema. “Pippa si mtu wa kuambiwa hilo.”

“Kwa nini?” aliuliza mjane. “Alastair? Kwa nini asiambiwe?”

Pippa alivuta kiti kidogo cha ukumbini, akaketi asikilize kama mumewe atamtaja.